Vilivyokatwa Kwenye Mkanda wa Msiba

Ile deki iliachwa kwangu na afisa kilimo mmoja aliyepangiwa Bariadi kutoka mikoa ya kusini. Aliileta ikiwa haitaki kufungua mdomo, akasema atapita Ijumaa, na kabla Ijumaa haijafika akahamishwa. Kwenye kibanda changu cha ufundi nina rafu nzima ya vitu vya namna hiyo: redio, pasi, spika, vyote vizima, na wenyewe hawaonekani. Huwa nanuna nikiitazama. Mtu anakupigia simu mara tatu kwa siku kitu chake kikiwa kibovu. Kikishapona, hana habari nacho.

Ndani ya deki nikakuta diski ya filamu. Haikuwa ya kurudufu kama zile za stendi, filamu ishirini ndani ya diski moja, picha imejaa chenga na kivuli cha mtu anayeinuka kwenda chooni. Hii ilikuwa halisi. Nikaibeba nyumbani pamoja na deki yake, nikijiambia nakwenda kuifanyia majaribio. Majaribio yale yalidumu karibu miaka miwili, na laiti ningeirudisha rafuni siku ile ile.

Ilikuwa filamu ya kutazamwa na familia nzima, mambo ya miujiza. Binti anaishi na mama yake kwenye nyumba ya mawe ukingoni mwa bonde lenye upepo mkali. Mama anaugua, anafariki mikononi mwa binti. Binti anapanda mgongoni mwa korongo mwenye ukubwa wa trekta, anavuka milima hadi nchi ya upepo, kuomba arudishiwe pumzi ya mama yake. Upepo unamkatalia. Unampa wimbo tu, ule ambao mama alikuwa akimwimbia, naye anarudi nao nyumbani peke yake. Basi, imeisha. Mara ya kwanza nilisema waliotunga kitu hiki wana roho ngumu, filamu gani ya watoto inamwacha mtoto yatima.

Ilikuwa kwa Kiingereza mwanzo mwisho, bila DJ wa kutafsiri. Kwa hiyo mke wangu ndiye akawa DJ wetu, tena kwa Kisukuma. Kiingereza hakukijua, lakini hilo halikumzuia hata dakika moja. Upepo aliupa sauti ya mzee mbishi anayekataa mahari. Korongo alimpa sauti ya mama yangu mzazi, na mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Kasoli alikaa akamcheka yule korongo mpaka akatoka machozi, asijue anayechekwa ni yeye. Binti yetu, aliyekuwa na miaka sita, alizijua zile sauti zote kwa moyo.

Niseme kidogo jinsi mke wangu alivyokuwa, maana bila hilo yanayofuata hayaeleweki. Alianguka na baiskeli usichanani, na tangu hapo mguu wa kushoto ulikuwa ukiburuta kidogo. Alitembea mkono mmoja kiunoni, kilemba kimeelekea upande, na hakuwa na habari ya kuongea taratibu. Mchana chakula kikiwa tayari alikuja mpaka mlangoni mwa kibanda akapaza sauti mbele ya wateja: "Wewe fundi, leo utakula hizo nyaya?" Alikuwa na binamu wa kike huko Malampaka, mtoto wa shangazi yake, mtani wake tangu wakiwa watoto. Huyo binamu kila akija alipanga mtaa mzima ukae, akaweka mkono kiunoni na kuburuta mguu, akaiga na sauti yake, na ukifumba macho usingejua nani ni nani. Mke wangu alimfukuza na mwiko, naye alikimbia akiendelea kuburuta mguu.

Sasa binti alimwogopa yule korongo. Aliota ndoto mbaya. Mimi kwa ujinga wangu nikafurahi, kwa kuwa nilikuwa na dawa. Diski halisi huwa na nyongeza: baada ya filamu yenyewe kuna sehemu inayoonyesha jinsi ilivyotengenezwa. Mimi ni fundi. Maisha yangu yote nimeamini kwamba kitu kinachotisha ni kile ambacho hakijafunguliwa; chukua bisibisi, ondoa mfuniko, mwenye macho haambiwi tazama. Nikamkalisha mtoto mapajani nikamwonyesha. Korongo alikuwa fremu ya chuma na kitambaa, manyoya yamebandikwa kwa gundi, na ndani yake wanaume wanne wanatoka jasho. Binti alicheka mpaka akaanguka chini.

Tukaendelea. Ikaja ile sehemu mama anapokufa. Mama amelala, macho yamefumbwa, binti wa filamu analia kifuani pake. Mtu asiyeonekana akapiga kelele, na mama akafumbua jicho moja. Akaketi. Nywele za binti zilikuwa zikimtekenya puani, kwa hiyo alicheka, wote wakacheka. Mtu akamwekea blanketi mabegani, mwingine akamletea kikombe cha chai, naye akanywa huku amemkumbatia yule binti.

"Kumbe anaamka!" binti yangu akasema.

"Ehe. Huwa wanaamka."

Nilisema hivyo. Hakuna aliyenishikia fimbo.

Mwishoni kabisa palikuwa na vipande vilivyokatwa. Kimoja kilimwonyesha binti anarudi nyumbani kutoka nchi ya upepo, na mama yake amesimama mlangoni, mzima. Binti yangu akashangaa, kwa sababu kwenye filamu hakuna kitu hicho. Nikamweleza kwamba walikipiga, kisha wakaona hakifai, wakakiondoa.

"Lakini kilitokea?" akauliza.

"Kilitokea, ila walikikata."

Mke wangu alikuwa akichambua mchele pale pale pembeni. Akasema wamekosea kukikata, mtu akirudi nyumbani aachwe arudi.

Aliugua siku nne tu. Ulikuwa msimu wa kuvuna pamba, malori yamejaza vumbi barabara nzima, na mimi siku ya kwanza nilimwambia ni vumbi. Siku ya nne jioni akafariki. Mpaka leo nikilifungua jambo hilo kichwani sioni waya uliokatika ulikuwa wapi. Nimejaribu, na nimechoka kujaribu.

Tulimzika nyumbani kwetu Kasoli. Binti hakwenda. Wazee walisema mtoto mdogo haonyeshwi kaburi, aachwe Bariadi kwa jirani yetu, mwalimu mwenye watoto wa rika lake. Sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia mama amelala, amepumzika, na sisi tunampeleka kwa bibi. Akaniuliza atarudi lini. Nikamfunga kamba za viatu, ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Kaka mkubwa wa mke wangu, aliyeko Dar es Salaam, hakuwahi mazishi, kwa hiyo aliomba mkanda wa msiba. Kwetu siku hizi msiba bila mpiga video watu wanaona umezika kuku. Tukamchukua mpiga video wa pale mjini. Alipiga siku nzima, na wiki ya tatu akaniletea diski ndani ya kasha lenye picha ya mke wangu, limezungushiwa maua.

Tuliitazama Jumapili mchana, mimi, mama yangu na binti. Ningeweza kumtoa mtoto nje. Nilidhani akiona ataelewa, na mimi sitahitaji kusema. Ulipigwa wimbo wa kwaya, mishumaa ikawaka pembeni mwa skrini, maua ya waridi yakamwagika kutoka juu. Watu wanapita kuaga. Sanduku linateremshwa. Udongo. Mashada. Jina lake, tarehe zake, na neno la kumtakia pumziko la amani, kisha skrini ikawa nyeusi. Mama yangu alikuwa analia kwa sauti. Binti hakulia. Alisubiri kidogo, akanisogezea rimoti.

"Baba, sasa weka vilivyokatwa."

Mama yangu akaniuliza mtoto anataka nini, nikamwambia anataka maji.

Kuanzia siku ile akaanza kazi yake. Kila alasiri akitoka shule alichukua kanga moja ya mama yake, akaikunja, akaiweka kwenye kigoda karibu na mlango. Juu yake aliweka kikombe cha chai. Jikoni hakuruhusiwa kuwasha jiko, kwa hiyo chai aliikinga kutoka kwenye chupa ya asubuhi. Sikuhitaji kuuliza vile vitu ni vya nini. Blanketi na kikombe nilimwonyesha mwenyewe. Jioni niliimwaga ile chai nyuma ya nyumba nikaosha kikombe. Mara kumi nilifungua mdomo nimwambie. Neno lenyewe ni fupi, na nililishika ulimini kila jioni, na kila jioni nililimeza. Nilimwogopa mtoto wa miaka saba.

"Umeviuliza?" alikuwa akisema.

"Vipi?"

"Vilivyokatwa. Umemwuliza mpiga picha?"

Ndipo akili ya ufundi ikanidanganya mara ya pili. Nikajiambia: ngoja, tufungue kabisa. Nikalete kila kilichopigwa siku ile, mwanzo hadi mwisho, atazame mwenyewe, aone kwamba hamna kitu. Akikuta kasha tupu ataamini, na si mimi nitakayekuwa nimemwambia. Naandika hivi nikiona aibu. Nilitaka mashine inisemee.

Mpiga video alinipokea vizuri. "Vipo, fundi, sijafuta," akasema. "Nilipunguza sana, maana kaka wa marehemu alitaka kitu cha heshima cha kuonyesha watu wa kanisani kwake. Nikatoa watu wanaokula, nikatoa vumbi, nikatoa na mambo ya watani."

Nilisikia alichosema. Sikukisikiliza. Siku ya mazishi mimi nilikaa na wanaume chini ya turubai, na kutoka upande wa jikoni vilinifikia vicheko vya wanawake, nikajua watani wako kazini kama ilivyo desturi. Mtani ndiye anayeruhusiwa kumcheka marehemu siku hiyo. Ni haki ya marehemu na ni nafuu ya wafiwa. Nilichosahau ni kwamba kamera nayo ina miguu. Akaninakilia vyote kwenye flashi, nikashukuru, nikaondoka.

Tulitazama kesho yake mchana, mimi na binti peke yetu. Aliweka kwanza kanga na kikombe kwenye kigoda, akaja akakaa. Vilikuja viatu, vumbi, mbwa analamba sufuria. Nikajiona mwenyewe katikati ya wanaume, mdomo wazi, mtu ananisemesha na mimi sina habari. Binti alivumilia. Kisha kamera ikazunguka nyuma ya nyumba, moshi, masufuria makubwa, wanawake wameshika miiko.

Akaingia mtu, mgongo kwetu. Gauni la kijani la mke wangu, lile la kwenda nalo kanisani. Kilemba kimeelekea upande. Mkono kiunoni, mguu wa kushoto unaburuta.

"Nyie! Nani kamwaga maji yote hayo kwenye wali? Mnapikia watu au mnapikia bata?"

Sauti yake. Wanawake wakaangua kicheko, wengine wakilia na kucheka pamoja. Yule mtu akaenda mpaka kwenye mkeka, akajilaza ubavu, mgongo bado kwetu, wakamfunika kanga hadi usoni wakaanza kumwombolezea. Ikapita kama dakika. Halafu kanga ikatupwa pembeni, akainuka. "Niacheni," akasema, "chumvi haijatosha, siwezi kuondoka hivi."

Nilijikuta nimesimama. Mimi ninayejua kila kitu kimefungwa kwa skrubu gani, nilikuwa nimesimama katikati ya sebule, mkono nimeunyoosha kuelekea kwenye TV. Kwa muda wa pumzi mbili nilikuwa na mke.

"Unaona?" binti akasema kwa upole, kama vile mimi ndiye mgonjwa. "Nilikwambia anaamka."

Nikazima. Nikamweleza pale pale, maneno yakikanyagana: huyo si mama, ni mama mdogo wa Malampaka, mtani wake, ni mzaha wa msibani, ni desturi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia gauni lile ni la mama, na mguu ni wa mama, na nimezima kabla hajageuka. Yote yalikuwa kweli.

Nilidhani nimeshaona ubaya wote. Siku mbili baadaye nikamkuta amekaa chini karibu na kigoda, hatazami mlango tena.

"Kama aliamka," akasema, "mbona hakuja nyumbani?"

Nikakaa chini na mimi.

"Amenikasirikia? Kwa sababu sikwenda Kasoli?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Sisi wakubwa tulimficha kaburi ili asiumie, na sasa alikuwa amejikatia hukumu mwenyewe. Nilimshika nikamwambia hapana, hapana, hapana, na nilisikia jinsi sauti yangu ilivyokuwa ya mtu asiyeaminika. Huyu ndiye aliyesema huwa wanaamka. Huyu ndiye aliyesema mama amelala.

Nikampigia simu yule binamu. Nilipomweleza akalia. "Shemeji, nilikuwa namtimizia haki yake," akasema. "Angeondokaje bila mtu wa kumcheka?" Nikamwambia simlaumu. Nikamwomba aje, na aje na lile gauni, maana nguo zilipogawiwa yeye kama mtani ndiye aliyelichukua.

Alifika Jumamosi saa sita. Binti alimpokea mfuko.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu."

Walitazamana. Binamu akaingia chumbani, akavaa, akafunga kilemba upande, akatoka. Safari hii alikuja uso mbele, polepole, ili aonekane. Mkono kiunoni, mguu unaburuta. "Nyie! Nani kamwaga maji yote hayo..." Akarekebisha kilemba, akaimaliza. Hakuna aliyecheka. Akajilaza kwenye mkeka wetu, akajifunika kanga, akaitupa, akainuka.

Binti alimzunguka, akamwangalia usoni, akagusa gauni.

"Ni wewe uliyeamka."

"Ni mimi, ng'wanone."

"Mama hakuamka."

Binamu akanitazama. Nilijua ni zamu yangu, na kwa mara ya kwanza nililitoa neno. "Hakuamka, mwanangu. Mama amekufa. Na hakukukasirikia, hata siku moja."

Alitikisa kichwa kukubali. Alikwenda kwenye kigoda, akachukua ile kanga, akaitandaza kwenye mabega ya mama yake mdogo, ikabidi binamu apige magoti afikiwe. Kisha akamletea kikombe kwa mikono miwili. Chai ilikuwa imepoa. Binamu aliinywa yote.

Nikashusha pumzi. Nilidhani tumefika, kitu kimefunguliwa, kila mtu kaona kilichomo ndani. Nikaanza hata kufikiria nimtafute yule afisa kilimo nimrudishie deki yake.

"Rudia," binti akasema.

"Nirudie nini?"

"Najua ni wewe. Rudia tu."

Hapo ndipo baba mwenye akili angesema basi, inatosha. Binamu alisubiri niseme. Sikusema. Akaweka kikombe chini, akaenda mpaka mlangoni, mkono kiunoni, akaanza upya, na binti akakaa kwenye kigoda amekunja mikono, anatazama bila kupepesa macho. Alipomaliza, binti akamwomba tena, na safari hii aongeze lile la kumwita baba. Binamu alilijua, nani wa ukoo ule hakulijua. Akasimama kwenye fremu ya mlango, jua likiwa mgongoni pake, na sura haionekani vizuri.

"Wewe fundi, leo utakula hizo nyaya?"

Binti alicheka kidogo, akaja kuniegemea. Binamu alitazama saa. Basi la kumrudisha lilikuwa karibu kuondoka, akaanza kufungua kilemba.

"Rudia," nikasema mimi.